Fumbo si uongo: kutetea neno linalolala chini ya neno



Katika mkutano wetu wa mwisho, ndugu mmoja msomi, mutu ninayemheshimu sana, alisimama na kusema maneno yaliyopigiwa makofi. Alisema: «Desturi yetu ya kusema kwa kuzunguka, njo inatuharibu. Mzee akitaka maji, anaanza na habari ya mto. Fumbo ni uongo uliovaa koti. Tufundishe batoto kusema waziwazi, ndiyo iwe ndiyo, na hapana iwe hapana.» Mimi sikupiga makofi. Sikujibu pia, kwa sababu saa ilikuwa imekwisha na watu walikuwa na njaa. Basi ninajibu hapa, kwa maandishi, na nitajibu waziwazi, kusudi ndugu yangu asiseme kwamba nimemzunguka.

Ninasema hivi. Fumbo si uongo. Fumbo ni mapatano kati ya watu wawili: mmoja anaacha mlango wazi kidogo, mwingine anabisha hodi. Mmoja wao asipofanya kazi yake, kuna mutu ataumia. Na watu wasiojua tena kusikia neno linalolala chini ya neno, wataongozwa na wale wanaojua kulitumia. Hayo sikuyapata kwenye chuo cha ualimu. Niliyapata siku ya aibu yangu, na ndiyo nitaanza nayo.

1. Ng'ombe asiyezoea usiku

Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kuomba msichana kwa ajili ya kijana wa ukoo wetu. Tulikuwa watu saba. Musemaji wetu alikuwa kijana mwenye lisanse ya sheria, mutu wa maneno mengi, Kifaransa chake kinateleza kama mawese. Mambo yalianza vizuri. Alisema tulikuwa tunapita njia, tukaona ua zuri katika kiwanja chao, miguu ikakataa kuendelea. Wamama walipiga vigelegele. Kasiksi ikamiminwa.

Ndipo baba mudogo wa msichana, mzee mmoja mwenye fimbo, akasema kwa sauti ya chini: «Sisi tunafurahi. Lakini huyu ng'ombe wetu, tangu butoto yake, hakuzoea kutembea usiku.»

Nyumba nzima ikanyamaza. Musemaji wetu hakungoja hata kidogo. Akajibu: «Papa, musiwe na hofu. Kwetu kuna motokari.»

Watu walicheka sana. Mzee hakucheka. Alitazama chini, akapangusa kichwa cha fimbo kwa kidole, kisha akasema: «Basi, kama kuna motokari.» Na mambo yakaendelea mbele. Mali ikahesabiwa, mbuzi zikatajwa, siku ya arusi ikapangwa.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimesikia. Nilijua kijana wetu anakunywa, na akikunywa anarudi usiku na ngumi. Habari hiyo ilikuwa imefika kwa watu wa msichana, na mzee alikuwa anatuuliza: «Tunasikia hivi na hivi. Munatuambia nini?» Nilisikia swali sawasawa, nikanyamaza, juu jibu lingeharibu siku.

Haikupita miaka miwili. Msichana alirudi kwao usiku, kwa miguu, mkono umevunjika. Tulipokwenda kuomba msamaha, mzee yule hakutukana. Alisema neno moja tu: «Shiye tuliuliza. Nyiye mukajibu juu ya motokari.»

2. «Kama angeuliza waziwazi…»

Tayari ninasikia ndugu yangu akiruka: «Unaona! Kama mzee angeuliza wazi, je, mutoto wenu anapiga wanawake, ule mkono ungepona!» Ni hoja nzito. Nimeigeuza usiku mwingi kitandani. Lakini haisimami, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, swali la waziwazi mbele ya watu linaleta uongo wa waziwazi. Mweke musemaji wetu mbele ya wakwe, wamama wamekwisha kupiga vigelegele, wazee wanamtazama, halafu muulize: anapiga? Atajibu: «Hapana, papa, mutoto wetu ni malaika.» Jibu ni lile moja, hata kama angekuwa amempiga mutu asubuhi ileile. Na baada ya jibu hilo, mwenye kuuliza ndiye anakuwa mukosaji, kwa sababu ametukana ukoo mzima nyumbani kwake. Ukweli umefungiwa nje na mlango umepigwa komeo.

Pili, fumbo lilitupa njia ya kusema kweli bila mutu kuvuliwa nguo. Musemaji mwenye masikio angejibu hivi: «Papa, ni kweli, njia ya kwetu ina giza. Lakini tutaweka taa, na taa itakaa kwa shangazi.» Hapo kila mutu angesikia mambo matatu: shida iko, tunaikubali, na kuna mutu mzima wa kwetu anayejibu juu yake. Siku ambayo mambo yangeharibika, msichana angejua mlango wa kubisha, na wakwe wangejua nani wa kuulizwa. Hakuna mutu angetaja ulevi wala ngumi, lakini mapatano yangekuwa yamefungwa mbele ya mashahidi.

Tatu, tutafute uongo wa siku ile ulikaa wapi. Haukukaa katika neno la mzee. Ulikaa katika kimya changu. Kijana mwenye lisanse hakusikia, huyo ni bubu wa masikio, hatia yake ni ndogo. Mimi nilisikia. Kwa hiyo ndugu yangu anaposema fumbo ni uongo, anamshitaki mwenye kuuliza na kumwachilia aliyekataa kujibu.

Lakini nisiwe mutetezi wa bure. Mzee naye alikosa. Fumbo halitupwi mara moja na kuachwa pale lilipoanguka. Ukiona limeanguka, uliokote, ulitupe tena, chini kidogo, karibu zaidi. Likianguka tena, mara ya tatu unaita mutu kando, nyuma ya nyumba, unamwambia kitu kwa jina lake. Hiyo ndiyo desturi nzima, na sisi tumebaki na nusu yake. Wazee wengi wa leo wanatupa fumbo, halafu wanarudi kulala wakisema: «Mimi nilikwisha kusema.» Hapana, papa. Hukusema mpaka umesikiwa.

3. Wazee walifundisha kusikia, si kusema tu

Ndugu yangu anafikiri kuzunguka ni tabia ya woga. Kumbe ilikuwa somo lenye vyombo vyake, walimu wake na mitihani yake.

Mimi si Mulega, lakini nilifundisha miaka kule upande wa Mwenga, na pale nilisikia habari ya mutanga. Ni kamba. Juu ya ile kamba wanafunga vitu vidogo vidogo: unyoya, ganda la konokono, kipande cha mti, kucha ya nyama, jani kavu. Kila kitu kina mezali yake. Mutu anashika kitu, anatoa neno, wengine wanalipokea na kulijibu. Padri Georges Defour aliandika kitabu kizima juu ya kamba hiyo, kilichotoka hapa Bukavu. Mwanafunzi hakupewa maelezo kwenye ubao. Alipewa konokono, akaambiwa: tafuta.

Katika bwami ilikuwa vilevile, na kwa kiwango cha juu. Daniel Biebuyck, aliyekaa na Balega katika miaka ya 1950, alieleza katika kitabu chake cha 1973 kwamba sanamu ya bwami haina maana moja iliyopigiliwa misumari. Sanamu ileile inaweza kubeba mezali mbalimbali, na mezali moja inaweza kukaa katika sanamu tofauti. Inategemea nani anaishika, mbele ya nani, katika cheo gani, na wimbo gani unaimbwa. Leo sanamu hizo ziko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, chini ya taa nzuri, na watu wanasema ni nzuri kweli. Lakini zimekuwa bubu. Neno lilibaki huku, na huku nako linakufa.

Tusifikiri ni mambo ya Balega peke yao. Mwishoni kabisa mwa inchi yetu, kule Kongo Central karibu na bahari na upande wa Cabinda, Bawoyo walikuwa na vifuniko vya vyungu, vya mti, vyenye picha zilizochongwa juu yake. Kila picha iliita mezali. Bwana anakula na wenzake wanaume; bibi akiwa na neno moyoni, anapeleka chakula kimefunikwa na kifuniko chenye neno lile. Hakusema kitu. Lakini wote waliokaa pale wanakisoma kifuniko kabla ya kugusa chakula, na bwana hawezi kujifanya hakuona. Jamani, mutu atuambie kwamba huyo mama alikuwa mwoga! Alimweka bwana wake mbele ya baraza, na chakula bado ni cha moto.

Sasa hadithi. Mwaka 1956, upande wa Walikale, mzee Rureke wa Banyanga alisimulia habari za Mwindo kwa siku kumi na mbili, akiimba, akicheza, akisimulia. Biebuyck na Kahombo Mateene, mwana wa inchi, wakaitoa katika kitabu mwaka 1969. Wengi wetu tunajua mwanzo: Shemwindo, mwami wa Tubondo, anawaamuru wake zake wazae wasichana tu, na mutoto mwanaume atamuua. Mwindo anazaliwa, baba anamtafuta kumuua, na kazi yote inaanza. Angalia mwisho. Baada ya vita, baba anapatana na mwana mbele ya watu wote, na kuna viti vitatu vya shaba. Juu ya viti wanakaa Shemwindo, Mwindo, na Iyangura. Iyangura ni nani? Ni shangazi wa Mwindo, dada ya yule baba. Je, kuna mahali msimulizi anasimama na kusema: «Fundisho: baba na mwana wakigombana, shangazi ndiye anashona ukoo»? Hapana. Anaweka kiti cha tatu, basi. Mwenye masikio anahesabu viti.

Na kwetu sisi, jikoni. Bibi yangu alikuwa anasimulia usiku, watoto tukiwa tumezunguka moto. Siku moja alituambia hadithi ya panya aliyeingia katika kibuyu cha asali usiku, akatoka asubuhi, akakaa kati ya ndugu zake akisema yeye hapendi vitu vitamu. Lakini nzi walikuwa wanamfuata yeye peke yake. Hakumtazama mutu. Hakusema neno juu ya sukari iliyopotea asubuhi ile. Tulicheka wote, na mimi nilicheka kwa nguvu kupita wengine, nikipangusa midomo. Kesho yake niliteka maji bila kutumwa. Aliniambia tu: «Maji ni matamu leo.» Mimi na yeye tulimaliza ile kesi pasipo mashahidi, pasipo fimbo. Kama angeniita mwizi mbele ya ndugu zangu, ningekataa mpaka leo.

4. Hadithi zenye mkia

Leo mambo yako namna gani? Fungua vitabu vingi vya kusomea. Hadithi ni fupi, nzuri, na mwisho wake kuna mkia: «Fundisho: tusiibe.» «Fundisho: tuheshimu wazazi.» Mutoto mwenye akili hasomi tena hadithi. Anakwenda moja kwa moja kwenye mkia, kwa sababu ndiyo unaulizwa kwenye mtihani. Tunamtafunia chakula, halafu tunashangaa kwamba hana meno.

Michezo ya radio ya kuhamasisha nayo ni vilevile. Bwana anaingia nyumbani na kusema: «Mimi ni bwana mbaya, ninakunywa mshahara wote.» Bibi anajibu: «Bwana wangu, haujui kwamba ulevi unaharibu jamaa na kuleta umaskini?» Kisha jirani anaingia, anasoma mafundisho matatu, wote wanapatana kwa dakika tano. Lini mulisikia mulevi akisema hivyo? Lini mulisikia bibi wa mulevi akisema hivyo? Wenye kuandika wanaogopa watu wasielewe. Lakini watu wanaelewa, njo maana wanazima radio.

Niliwapima wanafunzi wangu wa mwaka wa tano. Niliandika ubaoni mazungumzo haya madogo:

– Chumvi imekwisha, anasema bibi.
– Mwisho wa mwezi unakaribia, anajibu bwana.
– Ndiyo. Hata mwezi uliopita ulikaribia.

Nikauliza: wanazungumza juu ya nini? Karibu wote waliandika: «Jamaa haina chumvi.» Mmoja aliandika: «Wanazungumza juu ya kalenda.» Msichana mmoja tu, mutoto wa muuzaji wa sambaza sokoni, aliandika: «Huyo mama haongei juu ya chumvi. Anauliza mshahara unalala wapi.» Nilimpa pointi zote. Wenzake walilalamika kwamba neno mshahara halimo ubaoni. Nikawaambia: ndiyo, halimo, na ndiyo sababu nimempa pointi zote.

Watoto wale si wajinga. Nyumbani wanasikia mazungumzo kama hayo kila jioni, na wanajua vizuri wakati wa kutoka nje. Shule ndiyo imewafundisha kwamba maneno ya karatasi hayana chini. Na kosa hilo ni letu, walimu.

Wasanii wetu wenyewe walijua kazi hiyo. Kule Lubumbashi, kundi la Mufwankolo lilicheza michezo kwa Kiswahili cha watu, bila kuandika mazungumzo kwanza. Walipanga habari, kisha kila mmoja anasema lake, wakirudia mpaka mambo yashikane. Mwaka 1986 walitengeneza mchezo wenye kichwa «Le pouvoir se mange entier», ndiyo kusema mamlaka inaliwa nzima. Johannes Fabian aliufuata hatua kwa hatua na kuuandikia kitabu kilichotoka mwaka 1990. Mchezo ulikuwa juu ya nini? Juu ya mwami wa kijiji na watu wake. Kijiji tu! Lakini mwaka 1986 ulikuwa mwaka gani? Mobutu alikuwa amekalia kiti zaidi ya miaka 20, chama kimoja, picha yake kila ukuta. Mutazamaji wa Lubumbashi aliyesikia habari ya mamlaka inayoliwa nzima hakuhitaji mutu wa kumwandikia fundisho mwishoni. Na askari anayetafuta neno baya la kushika angeshika nini? Kijiji na mwami wake. Hiyo ndiyo nguvu ya neno linalolala chini: linapita pale ambapo neno lililosimama linakamatwa.

5. Pahali ambapo fumbo likatazwe

Nikiishia hapa, nitakuwa nimedanganya kwa kunyamaza, na nimekwisha kusema nilivyolipia dhambi hiyo. Kuna pahali ambapo fumbo ni sumu.

Kwanza, mutoto wa mutu akibakwa. Sote tunajua mikutano ile ya jioni: wazee wa pande mbili, mbuzi moja, katoni ya bia, na maneno mazuri. «Kalamu ilimwagika juu ya daftari.» «Vijana walicheza, chombo kikapasuka.» Hapo fumbo halifungui mlango kwa mutu yeyote. Linafunika mutu mmoja, mukosaji, na linamzika mwingine. Msichana mwenyewe hayupo barazani, hawezi kubisha hodi. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji ziliandikwa kusudi jambo hili litoke kwenye mbuzi liende mahakamani. Pale kitu kiitwe jina lake. Na muganga vilevile: mbele ya daktari usiseme «tumbo linaongea». Sema inauma wapi na tangu siku gani.

Kipimo changu ni hiki: je, yule ambaye neno linamhusu anaweza kulisikia na kulijibu? Kama anaweza, ni fumbo la heshima. Kama ametolewa nje, ni njama.

Pili, siasa. Hapa ningeomba ndugu yangu anisikilize vizuri, kwa sababu ndipo hoja yake inapoanguka chini kabisa. Tarehe 22 Novemba 1992, pale Kabaya, Rwanda, ng'ambo tu ya ziwa letu, Léon Mugesera alihutubia watu wa chama chake. Alitaja mto Nyabarongo, na kwamba kuna watu wa kurudishwa Ethiopia kwa njia ya mkato, kwa mto ule. Ukisikia kwa masikio ya kitabu cha kusomea, ni habari ya safari. Lakini hakuna mashua inayofika Ethiopia kwa Nyabarongo. Mwaka 1994 mto huo ulibeba maiti. Na mwaka huohuo neno «kazi», neno zuri la mukulima, lilitumiwa kumaanisha kuua watu. Mugesera alikuwa amekimbilia Canada. Kesi juu ya maneno yale ilidumu miaka, wataalamu wakieleza kilicholala chini yake, mpaka mahakama kuu ya kule ilipoamua mwaka 2005 kwamba yalikuwa ni kuchochea mauaji. Alirudishwa Rwanda mwaka 2012, na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha. Miaka yote ile, majaji wakubwa wakitafuta maana ambayo mukulima wa Kabaya aliisikia saa ileile.

Ndugu yangu atasema: «Basi, hiyo inaonyesha fumbo ni baya.» Mimi ninasema inaonyesha kitu kingine. Wenye kutaka mabaya hawataacha fumbo kwa sababu shule yetu imeliacha. Wataendelea nalo. Na sisi hapa Kongo tumesikia mara ngapi, katika mikutano na katika simu, maneno ya «kufagia nyumba», «kung'oa magugu», «wageni wakumbuke njia walikotokea»? Mutoto niliyemfundisha kwamba maneno hayana chini, atapiga makofi. Atafikiri wanazungumza juu ya ufagio. Yule msichana wa sambaza, yeye atauliza: nani ni takataka? Ninataka inchi yenye watu wengi kama yeye.

6. Tufanye nini?

Nilisoma ualimu, siwezi kumaliza bila mapendekezo. Ni matatu.

Katika darasa, tukate mkia wa hadithi. Tusome, tufunge kitabu, tuulize swali moja: «Kitu gani hakikusemwa?» Tukubali kimya cha dakika mbili. Mwanafunzi anayetafuta hajalala.

Katika mambo ya ndoa, musemaji awe kijana kama munapenda, lakini kando yake akae mzee au shangazi mwenye ruhusa ya kumgusa mkono. Wakwe wakitaja ng'ombe, usiku, paa linalovuja, mutu asijibu kabla ya mkono huo kutoka. Na mwenye kuuliza, kama jibu limekwenda kando, aulize tena. Mara ya tatu aite kitu kwa jina lake, nyuma ya nyumba.

Katika chama chetu, tuache kukusanya mezali kama mutu anayekusanya stempu. Tumekwisha kuziandika nyingi, kwa namba, na tafsiri ya Kifaransa kando. Tuandike pia: nani alimwambia nani, siku gani, juu ya neno gani, na huyo akajibu nini. Mezali bila mutu wa kuijibu ni ile sanamu ya makumbusho, chini ya taa, bubu.

Msichana wetu, mkono wake ulipona, lakini hakurudi kwetu, na alifanya vizuri. Mimi nimemwomba msamaha kwa neno la waziwazi, kwa sababu pale hapakuwa tena na nafasi ya kuzunguka.

Ndugu yangu akitaka kunijibu, nyumba yangu anaijua. Aje jioni, kasiksi iko. Ila nikimwambia kwamba njia ya kurudi kwake ina matope, tafazali asinijibu kwamba amevaa buti.